Tofali la Zambarau

Askari Kirby alikuwa ameshachomoa kisu ili akate uzi uliofunga karatasi kwenye tofali, lakini mpelelezi Verna Gantt alimzuia. Alipiga magoti kwenye zulia lililojaa vipande vya kioo, akakishika kitanzi kidogo kilichojificha upande wa chini wa tofali, akavuta mara moja. Uzi wote ukalegea, na karatasi ikaachana na tofali.

"Nimehangaika nalo dakika tano nzima," alisema Kirby.

"Ulikuwa unalivuta kwa hasira. Lete mifuko."

Tofali likaingia kwenye mfuko wa plastiki, uzi kwenye mfuko wake, karatasi kwenye wake. Ilikuwa Jumatatu, saa moja jioni, na mvua ya Februari ilikuwa inaingia ndani kupitia dirisha lililobaki fremu tupu. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshamchukua Bi Ottie Mabry, mama wa miaka sabini na moja, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi la chumba hicho cha mbele wakati tofali lilipopita. Halikumgusa. Aliruka kwa mshtuko, akateleza, akaangukia ukingo wa meza, nyonga ikavunjika.

Verna aliisoma karatasi kwa sauti huku Kirby akiandika kwenye daftari. Herufi zote zilikuwa kubwa, zimechorwa kwa rula ili mwandiko usijulikane.

JAVORIS. ULIWAPA HARLAN NENO LAKO. TUNASIKIA UNAPIGA SOGA NA BEXLEY. SISI TUMEWAFUNGA MARA 47, WAO 41 TU, NA WEWE UNATAKA KWENDA KWA WASHINDWA? JUMATANO UKIVAA KOFIA YA MACHUNGWA, HUTABAKI NA MAGOTI YA KUCHEZEA. MWANA HARLAN WA KWELI.

"Javoris ndiye mjukuu wake?" aliuliza Kirby.

"Ndiye."

"Na watu wazima wanavunja madirisha kwa sababu mtoto wa shule anachagua chuo?"

"Ulifika hapa lini, Kirby?"

"Julai."

"Basi bado hujaona kitu."

Kirby alikuwa mtu wa Montana, na kwake mpira, huu wa Kimarekani wa kubeba mikononi, ulikuwa mpira tu. Katika kaunti ya Pruett, Alabama, mtoto huzaliwa, hubatizwa, na kabla hajaota meno huwa ameshavishwa zambarau ya chuo cha Harlan au machungwa ya chuo cha Bexley, na rangi hiyo ndiyo atakayozikwa nayo. Javoris Mabry, miaka kumi na minane, kilo mia moja na ishirini na tano, alikuwa mlinzi bora kuliko wote waliowahi kutoka kaunti hiyo kwa miaka thelathini. Mwaka uliopita aliwapa Harlan ahadi ya mdomo. Ahadi ya mdomo haimfungi mtu kisheria. Kinachomfunga ni karatasi, na karatasi ingesainiwa Jumatano saa nne asubuhi, katika ukumbi wa michezo wa shule yake, kofia mbili zikiwa mezani mbele yake na redio ya kaunti ikitangaza moja kwa moja. Angeivaa moja, angesaini, na miaka yake minne ingekuwa imeshapangwa.

Verna alitazama saa. Alikuwa na siku moja na kitu.

Tofali lenyewe lilikuwa na maneno ya kusema. Upande mmoja lilipakwa zambarau, na ubavuni lilipigwa chapa ya mwaka 1924. Lilitoka kwenye uwanja wa zamani wa Harlan, uliobomolewa na matofali yake yakauzwa kwa mashabiki kama kumbukumbu. Kila mtu alijua nani aliyanunua mengi kuliko wote hapo mjini. Dub Sizemore, fundi wa matrekta, alikuwa nayo kumi na mawili. Na asubuhi ya Jumatatu hiyo hiyo Dub alikuwa amepiga simu redioni, kama afanyavyo kila Jumatatu ya Mungu, akasema hewani kwamba kijana akivunja neno lake naye avunjwe magoti.

Jumanne saa mbili asubuhi Dub alikuwa mahabusu. Sherifu Haldane, aliyekuwa na kikombe cha rangi ya machungwa mezani kwake, alipiga makofi, akasema kesi imekwisha.

"Kwake nimeyakuta matofali kumi na moja juu ya meko," alisema Verna.

"Si unaona? Kumi na mbili utoe moja."

"Anasema la kumi na mbili alimpa Royce Pettus, aliweke pale mgahawani."

"Dub angesema hata alimpa Papa. Nenda kahakikishe kama huwezi kutulia."

Hakuweza kutulia. Alianzia hospitali.

Bi Ottie alikuwa amelazwa chali, akisubiri upasuaji wa kesho yake saa mbili asubuhi. Javoris alikuwa amesimama pembeni ya kitanda, amejaza nusu ya chumba. Bibi yake alimtuma maji, na mlango ulipofungwa tu akamshika Verna mkono.

"Sikiliza upesi kabla hajarudi. Jumapili tulipotoka kanisani aliniambia anakwenda Bexley. Ameshaamua. Kampenda yule kocha wao mpya, na wanafundisha udaktari wa mifugo, ndiyo ndoto yake tangu mdogo. Mimi nikamjia juu. Nimepika jikoni Harlan miaka ishirini na sita, Verna, nawajua wale watu. Nikamwambia, umewapa neno, sasa unaligeuza? Tukanuniana. Jana nilikuwa nimesusa kabisa, ndiyo maana nikaenda kujilaza chumba cha mbele. Chumba kile sikai. Kile ni cha vikombe vyake vya ushindi."

"Nani mwingine anajua kwamba ameamua?"

"Mimi na yeye, basi. Na sasa wewe. Usimwambie mtu. Hilo ni lake kulisema."

"Halitoki kwangu, Bi Ottie."

Javoris alimfuata mpaka kwenye korido, bilauri ya maji ikiwa imepotea kabisa katika kiganja chake.

"Ni watu wa Harlan, siyo?"

"Sijui bado."

"Mjini wanasema umemkamata Dub."

"Kumkamata mtu siyo kujua."

Kijana aliangalia sakafu. "Mimi nilikuwa silali kwa sababu ya kuwaza nitawaambia nini wale watu. Sasa nikiifikiria ile zambarau natapika. Kama ni wao, kesho nitasema palepale mezani, mbele ya kamera zote, jina lao linuke nchi nzima. Ila nataka kujua, Afande. Usiniache nikae pale mezani bila kujua. Nitakuwa nachagua gizani."

"Kabla ya saa nne kesho utajua."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi," alisema Verna, na alipofika kwenye gari akajilaumu, maana mpelelezi mwenye akili hatoi ahadi ya namna hiyo.

Mgahawa wa Pettus una mstari mweupe sakafuni, kutoka mlangoni mpaka jikoni. Kushoto hukaa Harlan, kulia Bexley, na asiye na upande hulia chakula chake kaunta, akiangaliwa kama mgonjwa. Kila upande una rafu yake ya kumbukumbu. Royce Pettus, mwenye mgahawa, alimpeleka Verna kwenye rafu ya kushoto bila kuulizwa mara mbili. Katikati ya picha na mipira mikuukuu palikuwa na nafasi ya mstatili isiyo na vumbi, ukubwa wa tofali.

"Jumapili lilikuwepo," alisema Royce. "Jana jioni nafunga, halipo. Nikadhani Dub kalichukua mwenyewe, si lake?"

"Jana Dub alikuja?"

"Alikuja asubuhi. Lakini walikuja wote hawa unaowaona."

Wote hao walikuwa kumi na wanne, na hakuna aliyekuwa anakula. Walikuwa wanapigana kwa maneno.

"Strickler anakaa!" alifoka Cobb, muuza mbolea, kutoka upande wa Harlan. "Miaka kumi na moja ni kocha wetu. Huyo Orcutt wenu ni kocha wa nne ndani ya miaka sita, hata masanduku hajafungua."

"Strickler hakai, ameganda," alijibu Faye Tolliver, mwalimu mstaafu, bila kuinua macho kutoka kwenye kahawa yake. "Mchezo wake ni ule ule tangu nikiwa nafundisha darasa la nne. Kimbia kushoto, kimbia kulia, piga mbali, omba Mungu."

"Na Mungu anamsikia."

"Mungu anawahurumia, Cobb. Ni tofauti."

"Haya, na yule mrefu wenu wa Georgia mwaka jana? Jumatatu kawaahidi nyie, Jumanne kaahidi kwingine, Alhamisi karudi analia, Ijumaa kasaini Florida! Mlikuwa mmeshamshonea jezi!"

Upande wa kushoto walicheka mpaka wakapiga meza. Kutoka upande wa kulia aliinuka mzee mwembamba mwenye kofia ya machungwa iliyopauka. Alikuwa Wendell Gantt, mpeleka barua mstaafu, miaka sabini na minne. Miaka miwili nyuma madaktari walimpasua kifua, wakamwambia apunguze mambo mawili, chumvi na mpira. Chumvi alipunguza. Alikuwa baba yake Verna.

"Mnacheka," alisema Mzee Wendell. "Strickler anawachukua watoto wakiwa bado na maziwa mdomoni. Huyu Javoris alikuwa na miaka kumi na saba alipoahidi. Ahadi gani hiyo? Na sasa mmeona hamwezi kumshika kwa maneno, mnamtupia bibi yake matofali. Mimi ningekuwa yeye ningevaa machungwa leo hii, nisingengoja kesho."

Cobb alijikohoza.

"Hakuna mtu wa Harlan anayefurahia lile, Wendell. Bi Ottie katulisha wote."

"Angeweza kufa," alisema Verna. "Alikuwa amelala pale pale chumba cha mbele."

Mzee Wendell alimgeukia binti yake. "Chumba cha mbele? Anafanya nini chumba cha mbele?"

"Alikuwa amejipumzisha, Baba."

"Hakai pale yule mama. Miaka thelathini na minne nimempelekea barua, na sijawahi kumwona chumba kile hata siku moja. Pale ni pa vikombe." Alikaa, akasimama tena, akavuta koti. Mayai yake yalikuwa hayajaguswa. "Nakwenda nyumbani. Kifua."

Verna alimwambia Royce amfungie mzee chakula chake, angempitishia baadaye. Kisha akaandika majina kumi na manne kwenye daftari. Kila mmoja wao angeweza kuondoka na tofali chini ya koti, na nusu yao walikuwa watu wa Harlan wenye hasira. Kesi ilikuwa imepanuka badala ya kusinyaa, na saa yake ilisema saa saba mchana.

Dub Sizemore alikuwa amekunja mikono kwenye chumba cha mahojiano, na mdomo ameufunga.

"Wakili," alisema.

"Atafika jioni. Mpaka afike mimi nitasema peke yangu. Wewe utasikiliza tu."

"Verna, mimi nimekuona ukiwa na nepi. Usinitishe."

"Tofali ni lako."

"Lilikuwa langu. Nilimpa Royce."

"Redioni ulisema avunjwe magoti."

"Redioni nimesema pia Strickler awe gavana. Mbona hamjamuapisha?"

Verna alisukuma mezani picha ya ile barua. Dub aliiangalia kwa jicho moja, halafu kwa mawili.

"Hujawahi kuiona?"

"Haldane wako amenionyesha nini zaidi ya meno yake?" Dub alianza kusoma, midomo ikicheza. Alifika katikati, akasimama. Shingo yake ilianza kuwa nyekundu, wekundu ukapanda mpaka masikioni. "Arobaini na moja?"

"Nini?"

"Nani kaandika uchafu huu? Arobaini na moja! Ninyi mnaniweka ndani kwa arobaini na moja?" Alisimama, kiti kikaanguka. "Ni arobaini! Tumewafunga arobaini na saba, wametufunga arobaini! Mtoto mchanga wa Harlan anajua ni arobaini!"

"Kaa, Dub."

"Sikai! Mwaka thelathini na moja haukuisha ule mchezo. Giza liliingia, zimebaki dakika nne, refa kaenda zake, na wale mbwa wakajipa ushindi wenyewe. Babu yangu alikuwepo uwanjani! Sisi hatuuhesabu, hatujawahi kuuhesabu, na hatutauhesabu mpaka Yesu arudi, na yeye mwenyewe atasema ni arobaini. Wao ndio wanaouhesabu. Na unaniuliza mimi? Wewe, binti wa Wendell Gantt, nikueleze mimi mwaka thelathini na moja?"

"Ungeweza kuandika hivyo makusudi, utupoteze njia."

Dub alimtazama kama aliyeambiwa amtukane mama yake mzazi. "Kwa mkono wangu huu? Afadhali unifunge. Nipe karatasi nisaini kwamba nilirusha tofali, nipe miaka kumi. Lakini hiyo namba siandiki."

Verna alikuwa anaiangalia ile namba. Alikuwa ameisoma barua ile mara kumi tangu jana, aliisoma kwa sauti mbele ya Kirby, na haikumsumbua hata kidogo. Sherifu naye aliisoma, wala hakusema kitu, na Sherifu hunywea kahawa kwenye kikombe cha machungwa. Kirby alikuwa mgeni. Na Verna alikulia kwenye nyumba yenye ubao wa mbao ukutani jikoni, ambao baba yake huupaka rangi upya kila Novemba. Harlan 47, Bexley 41. Macho yake yalipita juu ya namba ile kama mtu anavyopita sebuleni kwao.

Aliyeandika alikuwa mtu wa Bexley. Alitaka kijana aamini kwamba Harlan wamemtisha, ili awachukie, ahame. Akajitahidi kuandika kama adui yake, lakini alipofika kwenye hesabu aliandika ya kwake, kwa sababu hajawahi kufikiri kwamba kuna nyingine.

Mle mgahawani upande wa kulia walikuwa saba.

Alikwenda stoo ya vielelezo, akauomba ule mfuko wenye uzi. Ulikuwa uzi wa kitani, wa kahawia. Aliomba na boksi tupu la viatu, akajaribu kukumbuka uzi ulivyokuwa umefungwa. Hakuhitaji kukumbuka. Mikono yake ilijua yenyewe: mara mbili kwa urefu, mara moja kwa upana, na kitanzi kikarudishwa chini, ili mtu mwenye mzigo wa barua mkono mmoja aweze kufungua kwa mkono mwingine. Hivyo ndivyo watu wa posta walivyofunga vifurushi kabla ya mipira ya raba. Alijifunza akiwa na miaka sita, kwenye kibaraza cha nyumba yao. Jana Kirby alihangaika dakika tano, na yeye akafungua kwa mvuto mmoja, wala hakujiuliza amejulia wapi.

Halafu akakumbuka ile sauti. Chumba cha mbele? Anafanya nini chumba cha mbele?

Verna aliufungua uzi, akaurudisha kwenye mfuko wake. Kisha akaenda kwa Sherifu.

"Mwachie Dub. Na mimi nitoe kwenye kesi hii. Lakini kwanza nipe nusu saa, na unipe Kirby awe shahidi."

"Kwa nini nikutoe? Ni nani?"

Alimtajia. Sherifu Haldane alisogeza kile kikombe pembeni polepole.

Nyumbani kwa Mzee Wendell palikuwa na magazeti ya zamani yamepangwa mlangoni, tayari kwa gari la taka, kila rundo limefungwa kwa uzi wa kitani wa kahawia. Verna alivuta kitanzi kimoja. Rundo likafunguka. Kirby, aliyekuwa nyuma yake, aliona.

Baba yake alikuwa jikoni, bado na koti mwilini.

"Umeniletea mayai?"

"Kirby yuko hapo mlangoni, Baba, anasikia kila kitu. Una haki ya kunyamaza."

"Kwa binti yangu?"

"Hasa kwa binti yako." Alibaki amesimama. "Bexley imeifunga Harlan mara ngapi?"

"Arobaini na moja. Swali gani hilo?"

"Dub anasema arobaini."

"Dub hajui kuhesa..." Mzee Wendell aligeuka akautazama ubao ukutani. Alipogeuka tena, uso wake ulikuwa umepoteza rangi. "Ala," alisema taratibu. "Wao hawauhesabu."

"Tofali ulilichukua saa ngapi?"

"Saa sita. Royce alikuwa jikoni."

"Na ulirusha kutoka wapi?"

"Kwenye sanduku lake la barua. Nilijua hakuna mtu chumba kile. Verna, haki ya Mungu, nilijua. Nilikuwa nalenga vikombe. Taa ilikuwa imezimwa." Aliweka mikono yake chini ya meza. "Yule mama alikuwa ananipa chai ya baridi kila Julai. Miaka yote ile."

"Ulitaka nini?"

"Aje kwetu! Wamechukua kila mtoto mzuri wa kaunti hii miaka sita mfululizo. Mimi nina muda gani? Daktari mwenyewe hajui. Nilitaka kuona tukiwafunga mara moja tu kabla sijaenda. Huyu mtoto angetosha. Alikuwa anahitaji kusukumwa kidogo tu."

Verna alikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa jibu fupi, na lingemkata mzee yule vipande viwili. Lakini lilikuwa siri ya mtu mwingine, na alikuwa ametoa neno. Alilimeza.

"Kirby," aliita. "Ingia. Msomee haki zake, halafu umchukue. Mimi siwezi kumgusa."

Saa kumi na mbili na nusu jioni alimkuta Javoris kwenye korido ya hospitali, akamweleza kila kitu bila kupunguza. Kijana alisikiliza ameegemea ukuta.

"Mzee wa barua? Aliyekuwa ananiletea kadi zangu za kuzaliwa?"

"Ndiye."

"Baba yako."

"Baba yangu."

"Ungeweza kuniambia Alhamisi. Nani angekulaumu?"

"Nilikuahidi kabla ya saa nne."

Javoris alitikisa kichwa, siyo kwa kukataa. Hakusema atafanya nini, na Verna hakuuliza.

Jumatano saa nne kasoro dakika tano, askari wote wa zamu walikuwa wameizunguka redio kwenye meza ya mapokezi. Verna hakuwa na kazi yoyote pale, maana kesi haikuwa yake tena. Alivuta kiti mpaka mbele ya chumba cha mahabusu. Baba yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevua kofia. Saa tano angepelekwa mbele ya hakimu. Waliweza kusikia redio vizuri, na Kirby aliongeza sauti bila kuombwa.

Makelele ya ukumbi yalipungua. Sauti ya Javoris ikaja, nzito na ya kusitasita.

"Jumapili nilimwambia bibi yangu nakwenda Bexley," alisema. "Nilikuwa nimeshaamua. Sikuwa nimemwambia mtu mwingine. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaomba Harlan radhi."

Ukumbi ulinguruma. Mzee Wendell aliinua kichwa.

"Halafu Jumatatu mtu wa Bexley akaja kunisaidia kuchagua. Bibi yangu hatatembea mpaka kiangazi. Bexley ni mwendo wa saa nne kwa gari. Harlan ni dakika arobaini kutoka kitandani kwake. Kwa hiyo..."

Sauti nyingine zote zilizama katika kelele. Mtangazaji alikuwa anapiga ukelele: zambarau, zambarau, ameivaa ya zambarau! Mtu mmoja pale mapokezi alishangilia, kisha akamkumbuka Verna, akanyamaza.

"Alikuwa anakuja kwetu," alisema Mzee Wendell.

"Tangu Jumapili."

"Ulijua?"

"Tangu jana asubuhi."

Mzee alitazama mikono yake. Verna alingoja. Mfukoni alikuwa na karatasi aliyopewa na muuguzi saa tatu na nusu: upasuaji wa Bi Ottie umekwenda salama, ameamka, ameomba uji. Alikuwa ameikunja vizuri ili amsomee baba yake atakapoulizwa. Alingoja aulizwe. Midomo ya mzee ilikuwa inacheza bila sauti, na Verna alisogea karibu na vyuma ili asikie.

"Miaka minne," alisema Mzee Wendell. "Mitano, wakimpumzisha wa kwanza. Watatufunga kila mwaka. Hamsini na mbili kwa arobaini na moja."

Verna alisimama, akarudisha kiti mahali pake, akaenda kumwambia Kirby alete gari la kwenda mahakamani.